Koti la Baba Salma

Kuna wanandoa wakinuniana huzungumza kupitia watoto: "Kamwambie baba yako chakula tayari." Wengine hupitia kwa mashemeji. Wengine hutumiana meseji na huku wamekaa sebule moja, yule anasoma, huyu anajifanya anaangalia tamthilia. Mimi na baba Salma, majira ya baridi ya kutoka 2022 kuingia 2023, tulizungumza kupitia mimea. Wiki kumi nzima! Yeye yuko Muheza, mimi niko huku Maryland. Na wala si mimea ya maana, mkasema labda mchicha au matembele. Mimea inayokula nzi.

Msicheke kwanza, nisikilizeni.

Mambo yalianza 2020, ule mwaka wa corona, tumefungiwa wote ndani kama kuku wa mayai. Baba Salma alikwenda duka la vifaa vya ujenzi kununua rangi, akarudi na rangi na kikopo kidogo cha plastiki chenye kimmea ndani. Zawadi ya Salma, wakati ule ana miaka tisa. Kimmea chenyewe kinaitwa dionea. Kila jani limegawanyika pande mbili kama chaza aliyeachama, pembeni lina vijimeno, na ndani jekundu kama ulimi. Humo mdomoni mna vinywele vichache. Nzi akivigusa mara moja mmea unanyamaza tu, unasubiri. Akigusa tena kabla ya sekunde kama 20 kupita, pap! Mdomo umefunga. Yaani unahesabu, jamani. Salma akampa jina la Bi Mdomo, na nyumba nzima ikawa inamtafutia nzi.

Ilipofika Novemba, Bi Mdomo akaanza kusinyaa. Majani yanakuwa meusi, moja baada ya jingine. Mimi ni mtoto wa Tanga mjini, baridi nilikuwa naisikia tu kwa watu wa Lushoto. Nikaona mtoto wa watu huyu anakufa kwa baridi huko nje! Nikamchukua, nikamweka kwenye dirisha la jikoni, juu ya hita, nikawa namnywesha maji ya bomba asubuhi na jioni. Na kweli akachangamka. Januari akatoa majani mapya, nikajisifu kwa mashoga zangu wote. Majani yenyewe lakini yalikuwa membamba, marefu, yamelegea, na vidomo vyake havifungi. Mwezi wa tano 2021 akaoza. Salma alilia siku mbili.

Baba yake hakusema kitu. Akakaa na simu yake usiku anasoma, na kesho yake ndipo nikaelezwa, taratibu kabisa, kwamba nimemuua mimi. Tena kwa makosa mawili.

La kwanza ni maji. Mimea hii asili yake ni vinamasi vyenye udongo maskini, usio na rutuba, ndiyo maana ikatafuta riziki kwa wadudu. Maji ya bomba ya sehemu nyingi yana madini, na mizizi yake haiyawezi. Mbolea ndiyo usiisogeze kabisa. Inataka maji ya mvua, au yale ya dukani yaliyosafishwa kwa mvuke, na udongo wa piti uliochanganywa na mchanga. Basi.

Kosa la pili ndilo lililomwondoa Bi Mdomo. Porini, dionea asili yake ni sehemu moja tu ya dunia, ukanda wa pwani ya North Carolina na South Carolina, kuzunguka mji wa Wilmington. Wenyewe wanamlinda hasa: tangu Desemba 2014, kumwiba porini huko North Carolina ni kosa zito la jinai. Sasa pwani ya huko si pwani ya Pangani. Kuna baridi na kuna usiku wa barafu. Siku zikiwa fupi na baridi ikiingia, dionea anaacha majani yake mengi yafe, anabaki na kitunguu chake kidogo cheupe chini ya udongo, analala miezi mitatu au minne. Ukimnyima usingizi huo anaweza kuvumilia kidogo, lakini nguvu zinamwishia, anakufa wakati wenzake wanaamka. Bi Mdomo alikuwa anasinzia, mimi nikamwashia taa na redio.

Baba Salma akanunua upya. Dionea wawili, sarasenia wawili, na drosera mmoja, yule mwenye vinywele vyenye matone ya gundi kama umande, mbu akitua harudi kwao. (Ukoo wa drosera hata Tanzania upo, kwenye maeneo ya majimaji, ila wetu huyu ni wa nchi za baridi.) Akawapanga nyuma ya nyumba, juani, kwenye sinia lenye maji ya mvua. Majira ya baridi yalipokaribia akanijia na wazo la kuwatia kwenye friji. Nyie! Eti wapo wanaofanya hivyo kweli, wanakitoa kile kitunguu, wanakifunga kwenye plastiki, wanakiweka kwenye friji miezi mitatu. Nikamwambia friji hii ina dagaa wangu na samli ya mama, kama unataka kulaza mimea nunua friji lako. Wakabaki nje.

Wakabaki nje majira yote ya baridi ya 2021, na mimi nikawa napita dirishani nawaangalia kwa huruma. Yule sarasenia wa zambarau ndiye aliyenishangaza kuliko wote. Majani yake ni kama mitungi mifupi, mnene, imejaa maji ya mvua, wadudu wanazama humo. Maji yakaganda yakawa barafu tupu, na mmea haujali. Kumbe ndugu zake wanaota mpaka Canada. Jimbo la Newfoundland na Labrador limemfanya ua lake rasmi tangu 1954. Na huko porini kuna aina ya mbu ambaye viluwiluwi vyake huishi ndani ya mitungi ya sarasenia huyu tu, si kwingine. Barafu ikija vinaganda humo humo, na barafu ikiyeyuka vinaendelea na maisha. Nilipoambiwa hayo niliacha kulalamika kuhusu baridi kwa wiki nzima.

Aprili wakaamka wote watano. Ndipo nikaamini. Baba Salma yeye hasemi "imelala", anasema "wamelala", kama anasema watoto. Nilikuwa namsahihisha, mwisho na mimi nikashika hiyo hiyo.

Haya, sasa tuje kwenye ugomvi, maana najua ndio mnaousubiri.

Mwezi wa sita 2022 baba Salma alitaka kwenda nyumbani kumwona mama yake. Tiketi za kiangazi bei mbaya, na mimi kazi yangu ya kutunza wazee majumbani inataka gari, na gari letu lilikuwa linakata roho. Fedha zilikuwepo za jambo moja. Nikamwambia subiri mwakani, twende wote na mtoto. Na nikaongeza maneno ambayo natamani yangenikwama kooni: "Mama mzima yule, atatuzika sisi." Akakubali. Tukanunua gari.

Novemba mama mkwe akaanguka. Kufika Desemba hali si hali, na safari hii baba Salma hakuniuliza, alikopa. Tarehe 10 nikampeleka uwanja wa ndege kwa gari lile lile. Njia nzima kimya. Tulipofika, akiwa anashusha begi, akasema, "Ungeniacha niende mwezi wa sita." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kujibu.

Siku za mwanzo nilipiga simu kila nilipopata nafasi, kama nilivyoshauriwa na mashoga: mbembeleze, mlilie, mtumie picha za mtoto. Anajibu kwa mkato. Mama anaendeleaje? "Yupo." Umekula? "Nimekula." Swali moja tu ndilo aliloniuliza yeye mwenyewe kila siku bila kukosa: "Wamelala?" Najibu, "Wamelala." Kwaheri.

Wiki ile ya Krismasi watabiri wa hali ya hewa wakaanza kutangaza. Wimbi la baridi linashuka kutoka kaskazini, Marekani karibu nusu nzima. Alhamisi nilikuwa zamu mbili, nikasema nitashughulika kesho. Ijumaa tarehe 23 asubuhi ilikuwa mvua ya kawaida, hata koti nililiacha wazi. Mchana upepo ukageuka. Nilipotoka kazini jioni machozi yaliganda kwenye kope, na usiku ule kipimo kilivuka nyuzi 10 chini ya sifuri. Theluji ya maana hakuna.

Na hilo la theluji ndilo baya, ingawa wengi hawalijui. Theluji ni blanketi. Ikifunika mmea, chini yake baridi haizidi kama ilivyo juu. Pia mmea ulio ardhini una nafuu, kwa sababu ardhi yenyewe inahifadhi joto. Wetu walikuwa kwenye vyungu, na chungu kinapigwa baridi pande zote. Lakini mwuaji hasa ni upepo mkavu. Unanyonya maji kwenye majani wakati mizizi imefungwa ndani ya barafu, haiwezi kupandisha hata tone. Mmea unakufa kwa kiu huku umezungukwa na maji.

Nikasimama mlangoni na tochi. Vyungu vimegandamana na sinia. Sarasenia mrefu amelazwa na upepo, anapiga ukuta kah, kah, kah. Nikamtumia meseji: "Upepo mkali sana. Niwaingize?" Huku saa mbili usiku, Muheza saa kumi alfajiri. Hakujibu. Nikasubiri. Hajajibu.

Mkono ulikuwa umeshashika kile chungu cha dionea, shoga, kwenda nacho jikoni. Nikamkumbuka Bi Mdomo. Najua sasa kwamba usiku mmoja au mbili kwenye chumba cha baridi, banda la gari lisilo na hita, haliwezi kuwadhuru. Ila sisi banda la gari hatuna, tuna jiko lenye hita. Nikasema hapana, watabaki, lakini hawatabaki hivi.

Nikavibandua vyungu kwa kuvigonga na mwiko wa ugali. Nikavisogeza ukutani, upande usio na upepo, juu ya udongo na si juu ya saruji, nikavibananisha pamoja kama watu kwenye daladala. Katikati na pembeni nikashindilia majani makavu niliyokuwa sijayatupa tangu Oktoba, mifuko mitatu mizima. Juu yake majani ya msonobari, haya membamba kama sindano; jirani yangu mzee wa Kimarekani ana mti huo, aliniona nayaokota gizani kwa tochi, akatoka kuja kuokota na mimi bila kuuliza ni ya nini. Halafu nikafunika kwa gunia. Gunia lenyewe la juti, mtu wa Tanga mimi, mkoa wa katani! Na halikutosha. Upepo unalifunua hapa, nikilivuta huku kule kunabaki wazi.

Nikaingia ndani kutafuta kitu kizito. Nyuma ya mlango kuna koti la baba Salma, jeusi, zito, lenye kofia, alilolinunua kwa jasho la kubeba boksi enzi zake za mwanzo huku. Aliliacha kwa kuwa Tanga koti haliendi. Sitawadanganya, nililichukua nusu kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine na nusu kwa hasira. Nikawavika. Nikafunga zipu, nikafunga na vifungo vya juu ya zipu, nikaweka matofali kwenye mikono. Ukiliona gizani utadhani mtu kalala ukutani.

Asubuhi jibu likaja: "Usiwaingize. Wafunike. Upepo ndio mbaya." Nikampigia picha koti lake, nikamtumia.

Akajibu, "Sawa."

Sawa! Vidole vimekufa ganzi, nimeokota majani usiku kama mwehu, nami napewa sawa. Nikaiweka simu kifudifudi nisiione.

Wiki ya pili ya Januari mama mkwe akatangulia mbele ya haki. Baba Salma alipiga mwenyewe. Akasema, "Mama ametutoka." Nililia, yeye akanyamaza, nikawa nasikia wanawake nyuma yake na mtu anaulizia mikeka. Nilitaka kusema lile la mwezi wa sita. Nikajiuliza, nitalisemaje kwenye simu, maiti iko ndani? Kimya kikawa kirefu. Kisha akauliza, "Wamelala?"

Nikasema wamelala.

Alibaki mpaka arobaini. Na mimi hapa nikafanya kosa langu la tatu. Baada ya lile wimbi la Krismasi, baridi ya mwaka ule ilikuwa nyepesi, Januari yenyewe siku nyingi za kijoto. Ilitakiwa niwafunue, wapate hewa, niwafunike tena baridi kali ikirudi. Sikujua, na nilikuwa siwezi kulisogelea lile koti. Kila nikipita dirishani naliona limelala pale, limelowa, nageuza uso.

Akarudi Februari, siku ya Jumanne. Nilimpokea Dulles. Alitoka na shati jepesi na kikoi cha mama yake shingoni, amepungua. Kibaridi cha jioni kilimpokea mlangoni, ndipo nikakumbuka sijamletea nguo yoyote ya kujikinga. Nikaanza kubabaika, koti, unajua koti lako...

"Najua liliko," akasema. Na akacheka kidogo, kwa pua. Ndicho kicheko cha kwanza nilichosikia tangu Novemba.

Alhamisi tarehe 23 joto likapanda kupita nyuzi 25, Februari hiyo! Watu wa Washington wametoka na kaptula. Tukatoka nyuma ya nyumba kuwafunua. Nilipofungua zipu harufu ya ukungu ikatupiga puani. Dionea mmoja amefunikwa na manyoya ya kijivu. Baba Salma akachimbua kidogo kwa kidole, akabonyeza kile kitunguu chake, kikapondeka kama ndizi iliyoiva mno. Huyo amekwenda, na si baridi iliyomuua. Ni joto na unyevu chini ya koti, bila hewa. Ya baridi ile kali wote watano walikuwa wameyavuka.

Yule wa pili majani yake yote meusi, mimi nilishamkatia tamaa. Akaniambia bonyeza mwenyewe. Nikabonyeza: kigumu, cheupe. Anaishi. Kwa hiyo nyie mnaofuga mimea hii huko mliko kwenye baridi, msitupe chungu kwa sababu ya majani meusi. Kata yaliyokufa, mwagilia maji ya mvua, subiri mpaka Aprili, hata Mei. Drosera alikuwa amejikunja, amekuwa kifundo cha kijani kama punje ya choroko. Sarasenia wa zambarau yuko vile vile na mitungi yake, kama aliyekuwa hasikii yaliyokuwa yanatokea. (Wale nepenthe wa nchi za joto, ambao ndugu zao wako mpaka Madagascar na Shelisheli, msiwajaribu na haya. Hao hawana usingizi wa baridi, waingizeni ndani mapema.)

Tulikuwa tumechuchumaa, yeye anakata majani kwa mkasi wa kucha, mimi nashika mfuko. Nikasema, "Baba Salma, nisamehe mwezi wa sita."

Akaendelea kukata. Nikadhani hatajibu.

"Ile picha uliyonitumia," akasema, "nilimwonyesha mama. Ile asubuhi alikuwa amelala sana, hali hataki. Nikamwambia mama, angalia mkweo, ameyavika majani koti langu. Akataka miwani." Akasimama na mkasi. "Nilikuwa namsomea meseji zako zote. Kila siku ananiuliza, wale wala nzi wamelala? Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza. Alicheka mama, mpaka nesi akaja. Akasema mwambie afunge na vifungo, koti la zipu peke yake linapitisha upepo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nimekukasirikia."

Akalichukua lile koti chini, akalikung'uta majani ya msonobari, akaligeuza kuangalia mbele.

"Kwani ulifunga?" akauliza.

Nikamwambia nilifunga vyote, isipokuwa kile cha juu, maana kilikatika siku nyingi na alinikataza nisikishone, eti atakishona mwenyewe.